Fundi Asiye na Mtani

Nyie vijana mnaopita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi kwenda Palma, mmebanana watatu juu ya pikipiki moja, kofia ngumu mmezitundika mkononi kama vikapu vya samaki, nawaona. Mnaniamkia vizuri, naitikia, halafu mnapotea na vumbi lenu. Mara nyingi nataka kuwaita mrudi niwaambie jambo. Lakini mzee akimwita kijana anayechelewa kazini, anajibiwa ndiyo babu, ndiyo babu, na macho ya kijana yako barabarani. Basi nimeona niandike. Mtasoma mkipata nafasi, hata mkiwa chooni, mimi sitajua.

Naitwa Bacar, mtu wa hapa Quionga. Sehemu kubwa ya umri wangu niliitumia kutunza jenereta za akiba kwenye mtambo wa umeme wa nyuklia, huko nchi ya kusini, mbali sana na nazi zetu. Najua neno nyuklia likitajwa mnafikiria bomu. Niliporudi, jirani yangu mmoja alimkataza mkewe kuchota maji baada yangu kisimani. Wajukuu nao waliniuliza kama taa ikizimwa mimi huwaka. Siwaki, wala sijapata kuwaka.

Ninayoyaandika yanawahusu watu wawili. Mmoja ni Tomé, fundi mwenzangu na mtani wangu, ambaye tumemzika. Mwingine ni Verónica, mpwa wake, fundi hodari kuliko wengi wenu, ambaye siku tuliyomzika mjomba wake aliweka spana chini akaenda kulima muhogo kwa mama yake. Kumkosa Tomé kuliniuma, na kunaniuma hadi leo. Lakini kuona yule binti anapotea na kazi yote aliyofundishwa kuliniuma namna nyingine, kwa sababu hilo lilikuwa bado linaweza kuzuilika na mimi sikujua nilizuie vipi.

Kwanza mjue kwa nini mtambo unaotengeneza umeme unahitaji jenereta. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Msimamizi wetu, Mzee Momade, mtu wa pwani, wa Mocímboa da Praia, aliyetutafutia kazi mimi na Tomé, alinijibu kwa sufuria.

"Umeshaona pilau ya harusi? Mpishi ameipua, ameiweka chini, makaa juu ya mfuniko kayasahau. Kinatokea nini?"

"Inaungua, mzee."

"Basi kinu cha nyuklia ndivyo kilivyo. Unakizima, lakini joto linabaki ndani siku nyingi. Lazima maji yazunguke kukipoza. Maji yanasukumwa na pampu, na pampu inataka umeme. Umeme wa nje ukikatika, tunabaki sisi."

Hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa tunaifanya. Jenereta kubwa, kila moja na chumba chake, zinakaa kimya wiki hadi wiki, na kazi yake ni kuwaka zenyewe siku umeme ukipotea. Hakuna mtu wa kubonyeza. Swichi iko kwenye otomatiki, mashine inasikia yenyewe kwamba umeme umekwenda, inaamka. Kwa hiyo fundi akitaka kuigusa ana mambo ya kufanya kabla hajanyoosha mkono: anaitoa kwenye otomatiki, anaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, anatundika kibao chenye jina lake, na ufunguo anauvaa shingoni. Akimaliza anafungua, anairudisha kwenye otomatiki. Ukisahau kufunga unajiua wewe. Ukisahau kufungua, mtambo mzima umebaki bila akiba na hakuna anayejua. Nimewaeleza kwa maneno machache, lakini mimi na Tomé tumeishi ndani ya maneno hayo mpaka mvi zikatoka.

Tomé alikuwa Mmakonde wa kule juu bara. Mimi ni mtu wa pwani. Mnajua wenyewe utani wa watu wetu, ingawa siku hizi mnautumia harusini tu, kunyang'anyana soda. Tulipokutana kule ugenini, jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba nanuka ng'onda, samaki wa kukausha. Nikamwambia yeye amevuka nchi nzima na bado ana udongo wa kuchimbia ming'oko, vile viazi vyao vya porini, kwenye kucha. Tukacheka, na kuanzia hapo sikuwa peke yangu tena katika nchi ile.

Alinisumbua kwa miaka na kisa cha mswaki. Mimi nilikuwa na desturi ya kutembea na mswaki wa mti mfukoni, kama baba yangu. Siku moja nimeinama juu ya injini iliyofunguliwa, mswaki ukateleza, ukaingia kwenye tundu la oili. Mahali pengine ungesema ni kijiti tu. Pale hakuna kijiti tu. Kila kinachoingia lazima kionekane kimetoka. Tulimwaga oili yote, tukafungua sahani ya chini, tukatafuta kwa tochi na kioo mpaka ukapatikana, umelainika, umekuwa mweusi. Tomé aliuinua juu watu wote wauone. "Waheshimiwa," akasema, "mtambo mzima umesimama kwa ajili ya meno ya Mswahili!" Tangu siku hiyo mafundi wote wakaanza kushonewa mifuko yenye kifungo, na ikibidi kuingia na kifaa kidogo kinafungwa kamba mkononi. Ubunifu huo haukuandikwa jina la mtu, lakini mimi najua ni wa mswaki wangu.

Kuna kitu kimoja nilikiweza haraka kuliko wenzangu. Sehemu zenye mionzi zilikuwa na mstari sakafuni. Ukitoka unavua kiatu cha kuvalia juu ya kiatu, mguu mmoja, unauweka upande safi, ndipo unavua cha pili, na kilichogusa upande mchafu hakigusi upande safi. Wengine walikuwa wakirudishwa kila siku. Mimi tangu mtoto nimefundishwa kuingia msikitini. Tomé aliyumba pale mstarini na mguu mmoja juu, akisema, "Nyie wa pwani mmezaliwa mnavua viatu." Ila nilikuja kujifunza kwamba uchafu ule si kama najisi tunayoijua. Hauna rangi, hauna harufu, na hauna ladha. Huwezi kuosha ukatazama ukasema pametakata. Ni kipimo tu kinachojua.

Sasa niwaambie jambo lenyewe.

Pale mtamboni ikaletwa sheria mpya: mtu yeyote, hata mfagiaji, akiona kitu hakimkai sawa, ana haki ya kusema simama, na kazi isimame, bila kuulizwa kwa hasira. Mabango yakabandikwa hadi kantini. Injinia wa usalama, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole, alizunguka vikundi vyote akitueleza. Sote tukaitikia, hakuna aliyesema simama. Wenyeji walimwogopa bosi. Sisi tuliotoka kaskazini ya Msumbiji hatukuwa na woga, tulikuwa na adabu. Mtu aliyekufundisha kazi, aliyekupokea ugenini, akakulisha mpaka mshahara wa kwanza, utamwambiaje mbele za watu kwamba anakosea? Kwetu sisi mkubwa hakosolewi hadharani. Ukiona amekosea unanyamaza, au unasubiri faragha umwulize kama vile wewe ndiye hujaelewa. Ni adabu nzuri, na sitaki muitupe. Lakini jenereta haisubiri faragha.

Siku moja tulikuwa tunabadilisha mkanda wa feni ya jenereta moja. Mimi nilikuwa uani nafuata grisi. Mzee Momade, mtu makini kuliko sote, alikuwa amefunga kufuli kwenye jenereta ya jirani. Alijiona amefunga, na amefunga kweli, ila si yenyewe. Akainama, akapeleka mkono kwenye mkanda. Nikiwa mlangoni nikasikia sauti ya Tomé:

"Simama, wee mla ng'onda! Hivyo vidole unampelekea nani?"

Mzee Momade akarudisha mkono akiwa tayari na tusi la kumjibu, maana Tomé alikuwa mtani wake kama alivyokuwa mtani wangu. Akatazama swichi: iko kwenye otomatiki. Aliketi kwenye ndoo, akacheka kidogo, kisha akaanza kuvihesabu vidole vyake kimoja kimoja. Tomé akampa maji huku anaendelea kumtukana taratibu, "kunywa, babu, kunywa, bado una vidole vya kushikia kikombe," kwa sababu alijua akinyamaza mzee angelia.

Yule injinia alifika kuuliza kelele ni za nini. Alitukuta tunacheka na alikuwa mwerevu, akaiona ajabu yenyewe: kwa nini huyu mmoja tu ndiye aliyeweza kusema? Nikamweleza utani. Nikamwambia kwamba kwetu mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo usikasirike, na siku ya msiba wako ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa. Ukikasirika kwa neno la mtani, watu wanakuona wewe ndiye huna malezi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Baadaye akapanga kwamba katika kikundi chetu hakuna mtu anayegusa mashine kabla mwenzake hajamtazamia swichi, kufuli na kibao, na mimi na Tomé hatutenganishwi. Vikundi vingine vikaiga. Ikafika mahali wenyeji wasiojua Kiswahili hata neno moja wanaulizana kabla ya kazi, "Mtani wako leo nani?" Mimi hilo lilinifurahisha kuliko cheti chochote walichonipa.

Kisha bahari ikaingia kwenye mtambo ule wa Japani. Tuliona kwenye televisheni ya kantini. Jenereta zao za akiba zilikuwa chini, maji yakazifuata huko huko. Hakuna aliyemaliza chakula. Sisi tuliolelewa ufukweni tulitazamana, tukawaza mafundi wa kule, watu kama sisi, wamesimama gizani na spana mkononi na hakuna mashine ya kuwasha. Baada ya hapo kazi yetu ilibadilika. Zililetwa jenereta za magurudumu zikawekwa juu kilimani. Milango ikatiwa mpira wa kuzuia maji. Mipira ya maji ikafanywa midomo ya aina moja, ili usijikute siku ya shida umeshika mpira usioingia popote. Tulifanya mazoezi ya kuiburuta kwenye upepo mkali, mimi na Tomé tumeshika ncha mbili, na kila nilipoteleza nilisikia habari za mswaki.

Muda wetu ulipokwisha tulirudi. Mzee Momade alishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Tomé hakuweza kurudi kwao juu, njia haikuwa ya kuaminika, mnajua miaka hii ya vita ilivyokuwa. Akabaki Palma, akapata kazi kwa mkandarasi mmoja mdogo, kutunza jenereta za vyumba vya baridi vya samaki. Akamchukua Verónica, mtoto wa dada yake, akamfundisha kila kitu: kusikiliza beringi kwa bisibisi uliyoiweka sikioni, kupima joto kwa mgongo wa mkono na si kwa kiganja, kuvua pete, kufunga kitambaa cha kichwa ndani ya kola. Na kufuli. Alimpa kufuli jekundu kama lake.

Mimi nilifanya kazi na Tomé pale kwa muda, kisha magoti yakakataa. Nilipomuaga aliniuliza, "Sasa nani atanitukana?" Nilicheka. Nikamwambia Palma nzima imejaa watu wa pwani, hatakosa. Nalikumbuka swali lile kila siku ya Mungu.

Jinsi alivyokufa nimeambiwa na Verónica mwenyewe, mara moja tu, na sitarefusha. Ilikuwa mchana, joto kali, mkanda wa feni umelia tangu asubuhi kila mashine ilipowaka, wenye samaki wanalalamika. Tomé alifungua kifuniko cha feni akaingiza mkono. Swichi ilikuwa kwenye otomatiki. Kufuli lake lilikuwa mezani. Labda ni joto, labda ni umri, labda alikuwa na mawazo ya kwao. Mtu anaweza kufanya jambo moja sawa maisha yake yote na siku moja asilifanye. Umeme wa Palma ukakatika kama unavyokatika siku zote, na mashine ikaamka.

"Nilimwona hajafunga," Verónica aliniambia. "Nikasema moyoni, mjomba anajua. Pengine amekata betri. Nitamwambiaje mjomba?"

Kwa watu wa bara mjomba ndiye mwenye ukoo, neno lake halirudishwi. Watu waliomlaumu yule binti walikuwa hawajui walisemalo, na wengine waliojua walimlaumu hivyo hivyo. Tomé alimfundisha kazi yote, ila hakuweza kumpa ruhusa ya kumtukana, kwa sababu hiyo haikuwa yake kuitoa.

Tulimzika Palma. Mnajua desturi: jeneza likikaribia kaburi, mtani anaruka mbele, anazuia, anasema huyu haingii mpaka nipewe kuku wangu, anasimulia uchoyo wa marehemu, watu wanacheka na machozi yao. Ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimeyaandaa maneno njia nzima kutoka Quionga. Nikaruka mbele, nikanyoosha mikono.

"Simama!"

Wabebaji wakasimama, wote wakasimama. Na mimi nikasikia neno nililolitoa. Ni neno letu la kazi, neno ambalo lingetamkwa siku tatu nyuma, pale penye jenereta, jeneza lile lisingekuwepo. Sikuweza kusema lingine. Nilisimama nimenyoosha mikono kama mjinga, hata padri akainamisha kichwa. Dada yake Tomé ndiye aliyenisogelea akanishusha mkono mmoja, kisha wa pili. "Basi, mtani," akasema. "Kuku wako tutakupa. Mwache apite." Nyuma ya watu nilimwona Verónica anaondoka, anatembea haraka, halafu anakimbia.

Kuanzia hapo akawa mtu wa shamba la mama yake, hapa karibu na Quionga. Nilikwenda kwao mara nyingi. Ananitengea kiti, ananipa maji, anarudi kupalilia. Nikimtajia kazi anasema, "Babu, mimi si fundi." Lile kufuli jekundu mama yake alikuwa amelifungia banda la kuku.

Msimu huu mashine ya kusaga ya hapa Quionga iliharibika mkanda, na kwa kuwa hakuna fundi mwingine, nikaitwa mimi na magoti yangu. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao za mahindi na muhogo, na Verónica yumo, ndoo ya mama yake kichwani. Nikafungua kifuniko, nikaona mkanda umeruka. Mwenye mashine alikuwa kule penye swichi ya kuwashia, anapiga soga na wateja, ufunguo uko palepale umechomekwa. Nikainama. Naapa sikufanya makusudi. Nilikuwa nawaza tu kumaliza kabla ya sala ya adhuhuri, nikapeleka mkono.

"Simama, wee mla ng'onda!"

Mwanamke mmoja akasema, "Binti gani huyu asiye na haya?" Na mimi, nataka mlijue hili vizuri, mimi nilikasirika. Mzee mzima, mbele ya wake za watu, nafokewa na mtoto. Damu ilinipanda. Kwa kitambo kidogo nilitaka kuendelea ili tu nimwonyeshe kwamba najua kazi yangu. Nikainua macho kumtazama. Alikuwa ameitua ndoo, mahindi yamemwagika miguuni pake, wala hayaangalii. Hakurudi nyuma. Mimi si mjomba wake. Mimi ni mtani wake, na haki hiyo alikuwa nayo tangu kuzaliwa.

"Meno yako yalishaingia kwenye mashine moja," akasema, kwa maneno ya mjomba wake juu ya mswaki wangu, na sauti ikamkatika, akaianza upya. "Meno yalishaingia, mtani. Unataka na vidole viingie?"

Nikatoa mkono. Nikaenda mwenyewe kwenye swichi, nikauchomoa ufunguo, nikampa. Akauvaa shingoni, akapiga magoti penye mashine, akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama, akingoja nimpe spana.